Safura: Historia ya Minyoo na Lawama Wanayobebeshwa Watoto

Katika nyumba nyingi za Waswahili, mtoto akisaga meno usingizini, asubuhi bibi husema: "Huyu ana minyoo." Akipenda sukari kupita kiasi, ana minyoo. Tumbo likivimba na miguu ikabaki njiti, ana minyoo. Dawa nayo hujulikana: mbegu za papai zilizopondwa, haluli, au siku hizi kidonge kimoja cha kutafuna kinachogawiwa shuleni. Sayansi haikubaliani na bibi katika yote. Sukari haileti minyoo, na kusaga meno kuna sababu nyingine nyingi. Lakini katika jambo moja bibi aliwatangulia wasomi wengi wa karne ya 19 na mwanzo wa karne ya 20. Alipomwona mtoto amelegea, alitafuta ugonjwa tumboni kabla ya kutafuta kosa katika tabia yake.

Makala haya yanafuata historia ya mnyoo mmoja, yaani mnyoo wa safura, kutoka Zanzibar ya karne ya 19 hadi majimbo ya kusini ya Marekani, kisha kurudi Tanzania, Pemba na Busia. Sisi tunaosoma hapa Marekani tuna sababu ya kuijua historia hii, kwa kuwa sehemu yake kubwa ilitokea katika nchi hii hii, na watoto waliohusika walikuwa Wamarekani. Hoja yangu ni moja. Karibu kila mahali safura ilipoingia, watu wazima walianza kwa kumlaumu mgonjwa, kisha wakampa dawa, na wakachelewa sana kufika kwenye udongo anaoukanyaga. Nasi hatujamaliza kuchelewa.

Mdudu na njia yake

Wataalamu hutaja makundi matatu makuu ya minyoo ya tumbo inayoambukizwa kupitia udongo: minyoo mikubwa ya mviringo, ambayo wengi wetu tunaiita mchango, minyoo mjeledi, iliyopewa jina hilo kwa umbo lake, na minyoo ya safura. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao bilioni 1.5 duniani wana aina moja au zaidi ya minyoo hiyo. Watoto ni miongoni mwa wanaoumia zaidi, kwa sababu miili yao bado inakua na mara nyingi chakula wanachopata hakitoshi hata wao wenyewe.

Mnyoo wa safura ni mdogo, urefu wake ni kama sentimita moja. Hung'ata ukuta wa utumbo mwembamba na kunyonya damu. Mayai yake hutoka na kinyesi. Kinyesi kikiangukia kwenye udongo wenye unyevu, joto na kivuli, mayai huanguliwa baada ya siku moja au mbili, na katika muda wa siku tano hadi kumi minyoo michanga huwa tayari kuingia mwilini. Haihitaji kuliwa. Mtoto akikanyaga pale bila viatu, huingia kupitia ngozi ya mguu, huacha muwasho, husafiri kwa damu hadi mapafuni, hupanda hadi kooni, humezwa na mate, na kuishia utumboni. Safari imekamilika.

Kuna mambo mawili ya kukumbuka hapa, maana historia yote inayofuata inayategemea. La kwanza ni damu. Kuna aina mbili kuu za minyoo ya safura. Mmoja wa aina ndogo hupoteza kiasi cha mililita 0.03 za damu kwa siku, na wa aina kubwa kiasi cha mililita 0.15 au zaidi. Kimoja kimoja ni kitu kidogo. Lakini mtoto mwenye minyoo 100 ya aina kubwa hupoteza kama kijiko kikubwa cha damu kila siku, na madini ya chuma yaliyomo ndani yake. Mtoto huyo huchoka, hupauka, hupumua kwa shida akikimbia, husinzia darasani. La pili ni kwamba minyoo hii haizaliani ikajazana ndani ya tumbo. Mayai lazima yatoke nje, na kila mnyoo mpya lazima atoke nje kuingia ndani. Kwa hiyo wingi wa minyoo katika tumbo la mtoto ni kipimo cha uchafu wa ardhi anayoishi.

Safura ya Unguja

Neno letu safura lina asili ya Kiarabu, na limefungamana na rangi ya manjano na nyongo. Leo wizara za afya hulitumia kwa maana ya minyoo hii. Zamani lilikuwa na maana pana zaidi: lilitaja hali ya mtu anayekula udongo, akavimba miguu, akakonda na kuishiwa pumzi.

David Livingstone aliieleza hali hiyo katika shajara zake za mwisho, zilizochapishwa mwaka 1874 baada ya kifo chake. Aliandika kwamba safura ilijulikana Zanzibar na iliwapata watumwa mara nyingi. Akaongeza jambo la maana: kwamba si watumwa peke yao, kwani hata matajiri wenye chakula tele waliugua, na kwamba si kweli kuwa watumwa hula udongo ili wajiue. Ni tamaa inayotokana na ugonjwa. Mtu akanushapo uvumi, ni dalili kwamba uvumi huo ulikuwepo na ulikuwa na nguvu. Mwenye mali alimtazama mtumwa anayedhoofika akaona hila: huyu anajiharibu makusudi ili kunitia hasara.

Livingstone aliandika pia tiba iliyotumika. Siki ya mnazi iliyokaa ilitiwa katika beseni, ndani yake yakatumbukizwa mavi ya chuma yaliyochomwa mpaka yakawa mekundu, pakaongezwa mvuje na vitu vingine. Mgonjwa alikunywa asubuhi na jioni kabla ya kula, kwa siku saba, akatapika na kuhara. Sina haja ya kuipamba tiba hiyo; ilikuwa kali na yenye hatari. Lakini mwanafunzi wa kemia ataona mara moja kwamba siki huyeyusha chuma. Waliotunga dawa ile walikuwa wakifanya mambo mawili kwa pamoja: kusafisha tumbo na kumnywesha mgonjwa chuma. Leo daktari anayemtibu mtoto mwenye safura na upungufu mkubwa wa damu humpa dawa ya kutoa minyoo na dawa ya kuongeza madini ya chuma. Watu wa pwani hawakuwa na hadubini, wala hawakumjua mnyoo wenyewe, lakini walijua kuwa mla udongo ni mgonjwa wa kutibiwa.

Wala udongo wa upande wa pili

Upande wa pili wa Atlantiki hali ilikuwa mbaya zaidi. Katika mashamba ya miwa ya Karibi na mashamba ya pamba ya Marekani, madaktari wa mabwana waliandika kwa kirefu kuhusu watumwa wanaokula udongo. Wengine waliita ugonjwa wa Waafrika, kana kwamba umo katika asili yao. Wengine waliita tabia mbaya. Katika visiwa vya Karibi wapo waliovalishwa barakoa za chuma usoni ili wasiweze kutia udongo mdomoni. Mtu anapoteza damu, mwili wake unatamani kitu usichokipata, naye anafungwa mdomo kwa chuma.

Utumwa ulipokwisha, lawama haikwisha. Ilipata watu wengine wa kuwabeba. Katika Georgia, Carolina Kaskazini na Carolina Kusini, wazungu maskini wa mashambani walidhihakiwa kuwa ni wala udongo. Picha yao katika magazeti ilikuwa mtu mrefu, mwembamba, wa rangi ya nta, ameegemea ukuta mchana kutwa. Watoto wao walitembea bila viatu sehemu kubwa ya mwaka, na kila msimu wa joto nyayo zao zilitoka vipele vyenye muwasho mkali. Watu waliita sumu ya umande. Kwamba umande huo ulikuwa na minyoo, hakuna aliyejua. Watoto hao shuleni waliitwa wazito na wavivu.

Ulaya ilikuwa imeshamwona mnyoo. Mwaka 1838 daktari Angelo Dubini wa Milan alimkuta ndani ya maiti ya mwanamke mkulima. Kati ya mwaka 1872 na 1882, wakati wa kuchimba njia ya reli chini ya mlima Gotthard nchini Uswisi, wachimbaji wengi walidhoofika kwa upungufu wa damu, na Edoardo Perroncito wa Turin akaonyesha kuwa sababu ni mnyoo huyo huyo. Lakini anaingiaje mwilini? Jibu lilipatikana Misri. Arthur Looss, Mjerumani aliyefanya kazi Cairo, alijimwagia kwa bahati mbaya maji yenye minyoo michanga mkononi. Ngozi ikawasha. Baadaye akaona mayai ya safura katika kinyesi chake mwenyewe. Mwaka 1898 alitangaza kwamba mnyoo hupita kwenye ngozi, na wenzake wengi wakachukua miaka kumwamini.

Mwaka 1899 kimbunga kilipiga Puerto Rico, na Bailey Ashford, daktari wa jeshi la Marekani, akajikuta anawahudumia wakulima wa kahawa waliopauka. Wengi walidhani ni njaa tu. Ashford alipima kinyesi akaona mayai. Miaka mitatu baadaye Charles Wardell Stiles, mtaalamu wa wanyama aliyesomea Ujerumani, alieleza aina mpya ya mnyoo huyo na kuipa jina la Kilatini lenye maana ya muuaji wa Kimarekani. Jina hilo lina kejeli yake, kwani wataalamu wengi leo wanaamini kwamba mnyoo huyo alifika Marekani kutoka Afrika, ndani ya miili ya watu waliofungwa katika meli za watumwa. Stiles alizunguka majimbo ya kusini akapima watu, na Desemba 1902 akatoa hotuba mjini Washington. Magazeti yakaifanyia mzaha: mdudu wa uvivu amepatikana.

Mzaha huo ulikuwa na faida na hasara. Faida yake ni kwamba kwa mara ya kwanza uvivu ulihamishwa kutoka katika tabia ya mtu ukapelekwa tumboni mwake. Hasara ni kwamba lawama ilitafuta pengine pa kukaa. Stiles na baadhi ya wenzake walidai kwamba watu weusi huugua kwa nafuu lakini ndio waenezaji, na dai hilo likatumiwa dhidi yao. Mzungu maskini alisamehewa uvivu, na Mwafrika akabebeshwa uchafu. Ni kweli kwamba mnyoo alivuka bahari. Lakini hakupanda meli kwa hiari yake, wala aliyembeba hakupanda kwa hiari yake.

Dola milioni moja

Oktoba 1909 tajiri wa mafuta John D. Rockefeller alitoa dola milioni moja kuanzisha tume ya kutokomeza safura katika kusini mwa Marekani. Mkurugenzi wake alikuwa Wickliffe Rose, ambaye alikuwa mwalimu, si daktari, na labda ndiyo maana tume ile ilifanya kazi kwa njia ya kufundisha. Ilifika katika majimbo 11. Uchunguzi wake wa mwanzo ulionyesha kwamba takriban watoto wanne katika kila kumi wa umri wa shule walikuwa na safura.

Si wote waliofurahi. Yalikuwepo magazeti ya kusini yaliyoona kwamba watu wa kaskazini wamekuja kuwatukana tena, na wapo waliosema kwamba Rockefeller anataka kuingia katika biashara ya viatu. Lakini watu walikuja. Kliniki za muda zilifunguliwa katika miji midogo, na familia zilisafiri kwa mikokoteni, na chakula chao mkononi, kama watu wanaokwenda kwenye mnada. Walionyeshwa minyoo ndani ya chupa. Waliruhusiwa kuchungulia mayai katika hadubini. Walionyeshwa picha za mtoto kabla ya dawa na baada ya dawa. Tiba yenyewe haikuwa laini: thimoli katika vidonge, kisha chumvi ya haluli kusafisha tumbo, na onyo kali la kutokula mafuta wala kunywa pombe, kwa kuwa vitu hivyo vingeifanya thimoli iwe sumu. Mamia ya maelfu ya watu walitibiwa kabla tume haijafungwa mwishoni mwa mwaka 1914.

Matunda yalikuwepo. Karibu karne moja baadaye, mwaka 2007, mchumi Hoyt Bleakley alichapisha utafiti uliolinganisha maeneo yaliyokuwa na safura nyingi na yaliyokuwa na safura kidogo kabla ya kampeni. Aliona kwamba baada ya kampeni, katika maeneo yaliyoathirika zaidi, idadi ya watoto walioandikishwa shule, mahudhurio, na uwezo wa kusoma viliongezeka kwa kasi kuliko kwingine. Watoto walioitwa wazito hawakuwa wazito. Walikuwa wamepungukiwa na damu.

Hata hivyo, safura haikutokomea mwaka 1914. Maofisa wa tume walikuwa wamekagua nyumba nyingi za mashambani, wakakuta karibu nusu yake hazina choo cha aina yoyote. Stiles alizunguka akihubiri vyoo, na watu walimcheka. Kumeza dawa kulichukua siku moja. Kuchimba shimo, kulijengea na kuwazoesha watu kulitumia kulichukua miaka, na hakukuwa na picha za kuvutia za kabla na baada. Minyoo iliendelea kuwepo kwa miongo kadhaa, ikapungua taratibu kadiri kipato kilivyopanda, viatu vilivyokuwa vya kawaida, vyoo vilivyojengwa na watu walivyohamia mijini.

Mtu ni afya

Sasa turudi nyumbani. Mwaka 1973, serikali ya Tanzania iliendesha kampeni ya Mtu ni Afya kwa kutumia redio, vijitabu na vikundi vya kujifunza. Miaka miwili nyuma kulikuwa na kampeni ya Wakati wa Furaha, ya kuadhimisha miaka kumi ya uhuru, ambayo ilionyesha kwamba watu watakusanyika kuzunguka redio wakijua kuna la kujifunza. Mtu ni Afya ilikuwa kubwa zaidi: watu wazima wapatao milioni mbili walishiriki. Vikundi vilisikiliza kipindi, vikasoma kijitabu kwa sauti ili hata asiyejua kusoma asipitwe, vikajadili, kisha vikaamua la kufanya. Safura ilikuwa moja ya maradhi yaliyofundishwa, pamoja na malaria, kuhara damu, kichocho na kifua kikuu.

La kufanya, kwa upande wa safura, lilikuwa jembe. Mamia ya maelfu ya vyoo vya shimo vilichimbwa. Vingine vilikuwa dhaifu, vikaanguka na mvua. Lakini tofauti na kampeni ya Rockefeller ni kubwa. Kule watu walipanga foleni ya dawa na choo kikaja nyuma. Hapa choo ndicho kilichotangulia, na aliyekichimba alikuwa mwenyewe, baada ya kujadiliana na jirani zake. Hakuna aliyeambiwa kuwa ni mvivu; aliambiwa kuwa mtu na afya yake ni kitu kimoja. Tunapozungumzia historia ya elimu ya watu wazima katika klabu yetu, tunapenda kutaja kisomo. Tukumbuke na vyoo.

Pemba na Busia

Kuanzia miaka ya 1980, dawa za minyoo zilibadilika kabisa. Mebendazoli na albendazoli hazihitaji haluli wala kufunga kula. Ni kidonge, mtoto anatafuna, anarudi darasani. Ndipo wazo la kuwapa dawa watoto wote shuleni bila kumpima kila mmoja lilipopata nguvu, na Pemba ikawa moja ya mahali lilipojaribiwa kwa makini.

Kisiwa cha karafuu kina kila kitu anachopenda mnyoo: mvua nyingi, joto, kivuli cha miti, na watoto wanaocheza peku. Katika miaka ya 1990 watafiti walipima zaidi ya watoto wa shule 3,000 wa Pemba. Zaidi ya nusu walikuwa na upungufu wa damu, sehemu kubwa ya upungufu huo ulitokana na ukosefu wa madini ya chuma, na minyoo ya safura ilikuwa sababu kubwa ya ukosefu huo. Kisha watafiti waliwapa watoto dawa na kuwafuatilia. Dawa ilifanya kazi. Lakini mnamo miezi sita tu, maambukizi yalikuwa yamekaribia kurudi yalikokuwa. Kidonge kilikuwa kimewatoa minyoo waliomo tumboni. Wale waliokuwa uwanjani, chini ya mikarafuu, hawakuguswa.

Hilo halikuwa siri ya wageni. Mwaka 2000 maabara ya afya ya jamii iliyopewa jina la Ivo de Carneri, mtaalamu wa vimelea kutoka Italia, ilifunguliwa karibu na Chake Chake, na wataalamu wa Pemba wenyewe wamekuwa wakifanya uchunguzi humo tangu wakati huo. Mwaka uliofuata, Mkutano Mkuu wa Shirika la Afya Duniani uliweka lengo la kuwafikia kwa dawa, ifikapo mwaka 2010, angalau asilimia 75 ya watoto wa umri wa shule walio hatarini.

Magharibi mwa Kenya, katika wilaya ya Busia, wachumi Michael Kremer na Edward Miguel walikuwa wakifuatilia shule 75, zenye wanafunzi zaidi ya 30,000, kuanzia mwaka 1998. Shule zilipewa dawa kwa zamu. Matokeo waliyochapisha mwaka 2004 yalisema kwamba utoro ulipungua kwa robo, na kwamba hata watoto wa jirani ambao hawakumeza dawa walinufaika, kwa kuwa kinyesi chenye mayai kilipungua katika mazingira. Alama za mitihani, hata hivyo, hazikupanda. Jambo jingine walilolibaini linapaswa kukumbukwa na kila mtu anayepanga sera: wazazi walipotakiwa kuchangia fedha kidogo, wengi waliacha kuchukua dawa.

Mwaka 2015 watafiti wengine walirudia mahesabu ya Busia wakayatilia shaka, na mjadala mkali ukazuka. Mapitio ya majaribio mengi yaliona kwamba faida ya kuwapa dawa watoto wote kwa pamoja, ikipimwa kwa uzito wao na akili zao, ni ndogo. Upande wa pili ulijibu kwamba wastani unamficha mtoto mwenye minyoo mingi, na kwamba dawa yenyewe ni rahisi na salama. Wakati mabishano yakiendelea, Kenya ilikuwa imeshaanza kugawa dawa kitaifa shuleni mwaka 2009, na Kremer alikuwa mmoja wa waliopewa Tuzo ya Nobeli ya uchumi mwaka 2019.

Mimi si mtaalamu wa takwimu, lakini nikitazama kwa jicho la historia, naona pande zote mbili zikibishana juu ya kidonge. Swali la shimo limebaki nje ya ukumbi.

Kidonge na shimo

Nisieleweke vibaya. Mtoto mwenye safura leo anahitaji dawa leo. Kumwambia asubiri mpaka kijiji chake kipate vyoo ni ukatili. Ninachosema ni kwamba dawa inaweza kuwa njia mpya ya kutotazama udongo, kama vile lawama ilivyokuwa njia ya zamani. Kidonge huhesabika. Afisa anaweza kuripoti vidonge vilivyomezwa, asilimia iliyofikiwa, picha ya mtoto amefungua mdomo. Choo hakitoi ripoti nzuri. Kinajaa, kinabomoka, kinahitaji maji, kinahitaji mtu wa kukisafisha, na kinahitaji kujengwa kingine. Mwongozo wa Tanzania unataka tundu moja la choo kwa wasichana 20 na moja kwa wavulana 25. Kila aliyesoma shule ya msingi ya umma anaweza kulinganisha na foleni aliyoikuta yeye.

Wala tusidhani kwamba haya yameisha katika nchi tajiri. Katika kaunti ya Lowndes, Alabama, udongo wa huko haunyonyi maji vizuri, na familia nyingi maskini, wengi wao weusi, zimeishi na majitaka yakitiririka uani. Mwaka 2017 watafiti walitangaza kuwa wameona chembechembe za mnyoo wa safura kwa baadhi ya wakazi. Uchunguzi mpana zaidi wa watoto wa ukanda huo, uliochapishwa mwaka 2023, haukuuona. Kuhusu mnyoo, basi, mjadala upo. Kuhusu majitaka haupo. Na wapo wakazi walioshtakiwa kwa jinai kwa sababu hawakuwa na mfumo wa majitaka ambao hawakuwa na fedha za kuununua. Mwaka 2023 serikali ya shirikisho ilifikia makubaliano na idara ya afya ya jimbo ili, pamoja na mengine, adhabu hizo zisitishwe. Mwaka 2025 serikali hiyo hiyo ikayavunja makubaliano. Miaka zaidi ya mia moja baada ya Stiles, bado kuna mahali ambapo kukosa choo ni kosa la asiye nacho.

Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Kwa safura, tulichokificha zaidi ni kinyesi chenyewe. Hatupendi kukitaja, si mezani wala darasani wala katika makala ya historia, na haya hiyo imeifanya iwe rahisi kumtaja mtu badala yake: mtumwa mwenye hila, mzungu mvivu, Mwafrika mchafu, mtoto mzito wa kuelewa.

Wengi wetu tutakwenda nyumbani likizo ijayo. Huenda siku moja tukapita shule ya msingi tuliyosoma na kukuta ni siku ya dawa za minyoo, watoto wamepanga mstari na mwalimu ana kopo la vidonge. Ni jambo jema, na mwalimu anastahili pongezi. Tukishampongeza, tumwombe atuonyeshe vyoo. Tuhesabu matundu, tuhesabu watoto, tuulize maji yako wapi. Bibi aliuliza kuna nini ndani ya tumbo la mtoto huyu. Hilo lilikuwa swali sahihi, na limeshajibiwa. La kuuliza sasa ni kuna nini katika uwanja anaochezea, na nani ana wajibu wa kuusafisha.